Somo la Kumi na Saba: Jinsi Kanisa Lilivyowapokea Watoto Wasio na Makao



Wapenzi wasikilizaji, katika somo lililotangulia tuliyaeleza matendo ya huruma, ya mwili na ya roho. Huenda wako waliodhani kwamba orodha ile ni ya kukariri tu, ili mtu ajibu vema anapoulizwa kabla ya ubatizo. Leo twataka kuwaonyesha kwa njia ya historia kwamba sivyo. Tutalichukua tendo moja, ndilo kumpokea asiye na makao, na hasa mtoto au kijana asiye na makao mjini, tuone jinsi Wakristo walivyolitenda tangu kale hata siku zetu hizi.

Wengi wenu huenda Bunia kwa biashara, kwa matibabu, au kuwatazama ndugu. Mkipita mtaa wa Lumumba wakati wa jioni, maduka yanapofungwa, mwawaona watoto ambao hawaelekei nyumbani. Mchana walibeba mizigo ya watu, au waliokota chupa na vyuma chakavu; usiku watalala barazani juu ya maboksi. Huko Kivu watu huwaita maibobo, na kule Kinshasa huwaita shege. Jina walilopewa na baba zao, au lile la ubatizo, halitajwi tena. Lakini waulizeni wametoka wapi. Watawatajia vijiji mnavyovijua, na pengine kijiji chenu wenyewe.

Basi swali la somo letu ni hili: Mtoto huyu ni wa nani? Ni wa serikali? Ni wa mapadri na masista? Au ni wetu?

I. Mwanzo wa jambo

Bwana Wetu Yesu Kristo alizaliwa mahali pa wanyama, kwa sababu hapakuwa na nafasi katika nyumba ya wageni. Kabla hajajua kutembea, wazazi wake walikimbia naye usiku kwenda Misri, kwa maana mfalme alitaka kumwua. Naye alipokuwa mtu mzima aliwafundisha wafuasi wake kwamba ampokeaye mtoto mmoja kwa jina lake, ampokea yeye mwenyewe. Hakusema kwamba mtoto huyo awe safi, wala awe mpole, wala awe wa kabila letu.

Mitume walilitii neno hilo. Twasoma katika Matendo ya Mitume jinsi walivyowachagua watu saba ili wajane wasisahauliwe katika mgawo wa chakula cha kila siku. Mwaka 258, huko Roma, serikali ilipomwamuru shemasi Laurenti alete hazina za Kanisa, yeye aliwakusanya maskini, akawaonyesha hao kuwa ndio hazina. Kwa ajili hiyo aliuawa. Karibu mwaka 369 njaa kubwa iliingia katika nchi ya Kaisaria ya Kapadokia. Mtakatifu Basili aliwahimiza matajiri wafungue maghala, akawalisha wenye njaa kwa mikono yake. Baadaye, alipokuwa askofu, alijenga nje ya mji nyumba nyingi za wageni, za wagonjwa na za maskini.

Mwaona basi ya kuwa kazi hii haikuletwa na watu wa juzi. Ni ya zamani kama Kanisa lenyewe. Lakini namna ya kuifanya ilibadilika miji ilipokua.

II. Mwashi asiyejua ishara ya msalaba

Twende sasa Torino, mji wa Italia ya kaskazini, mwaka 1841. Nyumba zilikuwa zikijengwa kwa wingi, na vijana wa mashamba walihamia mjini kutafuta kazi ya kubeba matofali na kukoroga chokaa. Waliokosa kazi walilala ovyo, wakaiba, wakatiwa gerezani. Padri mmoja kijana, jina lake Yohane Bosco, aliyepadrishwa mwaka uleule, alikwenda kuwaamkia gerezani, akaona jambo lililomchoma moyo: wengi waliofunguliwa walirudi upesi kifungoni, kwa kuwa nje hapakuwa na mtu wa kuwapokea.

Tarehe 8 Desemba mwaka ule, alipokuwa akivaa ili asome Misa, mtunza sakristia alimkuta pale kijana mmoja, akamtaka atumikie Misa. Kijana alipojibu kwamba hajui, alipigwa na kufukuzwa. Padri Bosco aliagiza aitwe arudi, akamwambia mtunza sakristia kwamba kijana yule ni rafiki yake. Kijana aliitwa Bartolomeo Garelli, mwashi wa miaka 16, yatima, asiyejua kusoma wala kuandika. Baada ya Misa padri aliketi naye, akamfundisha ishara ya msalaba. Wapenzi wasikilizaji, kazi kubwa iliyoenea ulimwenguni ilianza kwa somo la katekisimu, tena kwa mwanafunzi mmoja.

Mwaka 1846 Padri Bosco alipata kibanda mahali paitwapo Valdocco. Mama yake mzazi, Margherita, mwanamke wa shamba, aliiacha nyumba yake kijijini akaja kuwa mama wa vijana wale. Msidhani kwamba mambo yalikuwa mepesi. Mara ya kwanza walipowalaza vijana katika dari ya majani makavu, asubuhi walikuta wageni wametoroka na mablanketi. Mwingine angesema basi, watu hawa hawana shukrani. Lakini usiku mmoja wa mwezi wa Mei 1847, mvua ikinyesha, yatima mmoja alibisha hodi akiwa ameloa maji. Mama Margherita alimkaushia nguo motoni, akampa mchuzi na mkate, akamtandikia kitanda jikoni. Walioiba hawakumfungia mlango yule aliyekuja nyuma yao. Hili ni fundisho kubwa kwetu.

Tena Padri Bosco alitambua kwamba mkate hautoshi. Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye aliwatafutia vijana wake mafundi wa kuwafundisha kazi, akaandika mkataba na kila fundi. Katika mkataba mmoja wa useremala wa mwaka 1852, fundi aliahidi kumfundisha kijana ufundi wote, kumwonya kwa maneno bila kumpiga, kutomtuma kazi nje ya ufundi wake, na kumwachia huru siku za sikukuu. Wana wa kiroho wa Padri Bosco, ndio Wasalesiani, walifika nchi ya Kongo mwaka 1911, wakaanza kazi Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na shule ya ufundi ilikuwa miongoni mwa kazi zao za kwanza.

III. Watoto wa soko la Unguja

Wakati Padri Bosco akiwa angali hai, Kanisa lilikuwa likirudi katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Lilifika kwa njia gani? Lilifika kwa njia ya watoto wasio na makao.

Mwezi wa Desemba 1860 mapadri na masista kutoka kisiwa cha Réunion, wakiongozwa na Padri Armand Fava, walitia nanga Unguja. Soko la watumwa lilikuwa bado wazi. Lilikuja kufungwa mwaka 1873. Wamisionari walifungua mahali pa kutibia wagonjwa na karakana za ufundi. Baada yao wakaja Mapadri wa Roho Mtakatifu, na mwaka 1868 Padri Antoine Horner na wenzake walivuka bahari, wakaanzisha misioni Bagamoyo. Waliwakomboa watoto kwa fedha, wakawafundisha kusoma, kulima, useremala na uhunzi. Walipokua na kuoana walipewa nyumba na shamba katika kijiji cha Wakristo. Hao waliotekwa na kuuzwa wakawa waamini wa kwanza wa Kanisa lile.

Hata hivyo historia ya kweli haifichi kasoro. Watoto wale waliishi chini ya amri kali, kengele ikiwaongoza tangu alfajiri hata usiku, na wengine walitoroka. Walikuwa wametekwa mbali. Hawakuwa na mjomba wa kuwatetea wala shangazi wa kuwaita kwao wakati wa ndoa au msiba. Misioni ilikuwa baba yao, na papo hapo ilikuwa bwana wao. Wamisionari waliwapa kila kitu walichokuwa nacho, lakini ukoo hawakuweza kuwapa. Likumbukeni jambo hili, maana tutalirudia.

IV. Njaa ya Algeria, na sisi

Sasa tutazame kaskazini ya Afrika, maana huko ndiko chanzo cha imani yetu ya Ituri. Mwaka 1867 Askofu Mkuu Charles Lavigerie alipowekwa katika mji wa Algiers, nchi ilipatwa na nzige, ukame, kipindupindu na njaa. Watu wengi mno walikufa. Watoto waliobaki walizagaa njiani bila mzazi. Askofu Mkuu aliwapokea zaidi ya 1,000. Ili wapatikane watu wa kuwatunza watoto hao na kuipeleka Injili Afrika, alianzisha mwaka 1868 shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe, na mwaka 1869 shirika la masista.

Mwaka 1878 msafara wao wa kwanza wa nchi za maziwa makuu ulishuka pwani, ukaingia bara kutoka Bagamoyo. Mwaka uliofuata walikuwa wamefika Uganda na Ziwa Tanganyika. Kisha shirika hilohilo ndilo lililokabidhiwa nchi ya Ziwa Albert, iliyofanywa Prefektura ya Kitume mwaka 1922, Vikarieti mwaka 1933, na Jimbo la Bunia mwaka 1959.

Fikirini maana yake. Waliotubatiza walitoka katika shirika lililozaliwa kwa ajili ya yatima wa njaa. Kama askofu yule angewafungia mlango watoto wa barabarani wa Algiers, sisi leo tungeisikia Injili kwa njia gani? Mungu anajua. Lakini njia aliyoichagua ilikuwa hiyo.

Tunao mfano mmoja mzuri kupita yote. Mtoto mmoja wa nchi za mto Niger alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mapadri Weupe walimkomboa. Jina lake Adrien Atiman. Alipelekwa katika kisiwa cha Malta akasomea uganga wa hospitali, na mwaka 1888 akaja na msafara kuelekea Ziwa Tanganyika. Alikaa Karema, akiwa mganga na katekista, akaoa, akawatibu wagonjwa zaidi ya miaka 60, hata alipokufa mwaka 1956. Hesabuni mama na watoto waliopona mikononi mwake katika muda huo wote! Mtu aliyemwona mtoto yule amefungwa katika msafara wa watumwa angewezaje kujua kwamba anamtazama mganga wa watu elfu nyingi? Hivyo hivyo hatujui tunamtazama nani tunapompita mtoto aliyelala barazani Lumumba.

V. Padri wa barabara za Nairobi

Baada ya nchi zetu kupata uhuru, miji ilikua upesi. Watu walihamia mjini kutafuta mshahara, wakapanga vibanda vya mabati na makaratasi. Huko Nairobi watoto waliowaonyesha wenye magari nafasi ya kuegesha, wakapewa senti chache, walikuwa wengi barabarani. Mwaka 1973 Padri Arnold Grol, Mholanzi wa shirika lilelile la Mapadri Weupe, alianza kazi ya kuwasaidia, ikaitwa Undugu. Aliwaendea barabarani, akazoeana nao, kabla ya kuwaalika popote.

Kazi ya Undugu ilipoendelea ilionekana jambo ambalo Padri Bosco naye alikuwa ameliona kwa upande wake. Mtoto mmoja akitolewa barabarani, na kibanda cha mama yake kikiachwa na njaa, mdogo wake atakuja kushika nafasi ile. Kwa hiyo Undugu waliingia katika mitaa ya vibanda penyewe, kama Mathare, wakawasaidia akina mama kupata riziki, wakafungua madarasa ya watoto ambao shule hazikuwapokea, na waliomaliza wakawapeleka kwa mafundi wa jua kali wajifunze kazi. Jina walilolichagua linaeleza yote. Hawakuiita kazi yao Msaada, wala Sadaka. Waliiita Undugu.

VI. Mwenye Heri wa Goma

Tukaribie kwetu zaidi. Katika mji wa Goma, Wasalesiani wana kituo cha vijana mahali paitwapo Ngangi. Hapo watoto wasio na jamaa wamepata malezi na ufundi, na katika nyakati za vita, kama mwaka 2012 na tena mwanzoni mwa mwaka 2025, maelfu ya wakimbizi walikimbilia uwanja wake. Lakini leo twataka kumtaja mtu mmoja wa Goma ambaye hakuwa padri wala bruda.

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alisoma sheria, akajiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio, ambayo wanafunzi wa Roma waliianzisha mwaka 1968 ili kusali na kuwa marafiki wa maskini. Pamoja na wenzake aliwashughulikia maibobo wa mji wake, akawafundisha, akala nao. Kisha alipata kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa zinazovuka mpaka. Mwezi wa Julai 2007 watu walimpa rushwa ili apitishe chakula kilichoharibika. Alikataa. Wakamteka, wakamtesa, wakamwua. Umri wake ulikuwa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri na shahidi.

Kwa nini twamtaja katika somo la watoto wasio na makao? Kwa sababu mtu anayekaa na maskini huyaona mambo kwa macho yao. Chakula kibovu kikiingia sokoni, hununuliwa na nani? Hununuliwa na wasio na fedha ya kuchagua. Basi huruma ya kweli haimalizikii katika kumpa mtoto mkate. Inakataa pia kumwuzia baba yake sumu.

VII. Ituri yetu

Sasa tumefika nyumbani, na hapa historia inauma. Tangu mwaka 1999 hata 2003 majirani walioishi pamoja, Wahema na Walendu, na makabila mengine yaliyoingizwa katika ugomvi, waliuana. Inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 50,000 walikufa. Mwezi wa Mei 2003, majeshi ya Uganda yalipoondoka, vita viliingia ndani ya mji wa Bunia. Maelfu walikimbilia uwanja wa ndege na makao ya Umoja wa Mataifa. Katika parokia ya Nyakasanza watu waliotafuta kimbilio waliuawa, na mapadri wawili waliuawa pamoja nao.

Katika vita vile, vikundi vya pande zote viliwatia watoto bunduki mikononi. Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, huko The Hague, ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa, nayo ilihusu Ituri: Thomas Lubanga alikutwa na hatia ya kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani. Alihukumiwa kifungo cha miaka 14. Ulimwengu mzima ulisikia kwamba kumtia mtoto vitani ni jinai.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2017 vurugu zilirudi upande wa Djugu. Watu wengi mno walikimbilia Bunia, wakajenga vibanda vya turubai karibu na Hospitali Kuu na penginepo. Mwaka 2019 wengi walihamishiwa Kigonze, katika ardhi iliyotolewa na Kanisa Katoliki. Katika mikimbio kama hiyo mtoto hupotezana na mama yake njiani, au humwona akifa. Akifika mjini peke yake, barabara humpokea kabla yetu.

Waliowasaidia watoto wa vita wamefuata njia ambayo historia ilikwisha kuwafundisha. Kwanza mtoto hupelekwa katika kituo cha mpito, au katika jamaa iliyokubali kumtunza kwa muda. Kisha hutafutwa wazazi au ndugu zake. Hufundishwa kushona, useremala, ufundi wa pikipiki, au kilimo. Mwisho hurudishwa kwao. Na hapo, wapenzi wasikilizaji, ndipo kazi nzuri inapoweza kuharibika. Haiharibiki mjini, bali kijijini. Kijana hufika na cherehani yake, watu wakamkwepa kisimani. Msichana hurudi na mtoto mgongoni, shangazi zake wakauliza mtoto huyo ni damu ya nani. Hakuna anayewapiga, wala anayewafukuza kwa sauti. Lakini baada ya miezi michache cherehani imeuzwa, na kijana yuko barazani Lumumba.

Wako pia watoto ambao hawakufukuzwa na vita. Mama alikufa, baba akaoa tena. Ugonjwa ukaingia nyumbani, mtu akasema mtoto huyu ni mchawi. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa na kumsingizia uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ilifuata mwaka 2009. Mkristo hahitaji kungoja askari ndipo aitii. Aliyebatizwa amemkana shetani; atawezaje kumwogopa mtoto wa miaka 7?

VIII. Yatupasa kufanya nini

Turudi sasa kwa swali letu: Mtoto huyu ni wa nani? Historia imetujibu. Laurenti aliwaita maskini hazina. Mama Margherita aliwafungulia mlango hata baada ya kuibiwa. Bagamoyo walitoa nyumba na ufundi, lakini ukoo hawakuwa nao wa kutoa. Nairobi walijifunza kwamba kazi huanzia nyumbani kwa mama. Basi kitu ambacho wamisionari, serikali na mashirika yote hawawezi kukitoa, sisi wa vijijini tunacho. Tunao ukoo. Tunao wajomba, shangazi, mababu, kiti kando ya moto na jina la kumwita mtoto. Mkate waweza kutoka Roma au Ulaya, lakini mahali pa mtoto kati ya watu wake hutoka kwetu tu.

Kwa hiyo twawaomba mambo manne. Kwanza, kila jamaa ijichunguze kama yuko mtoto aliyetoka katika nyumba yao kwa kuonewa, na itume mtu kumtafuta. Pili, kijana anaporudi kutoka vitani au barabarani, jumuiya ya Kikristo ikutane siku ya kwanza, imsalimu kwa jina lake, imkalishe kati yao. Tatu, kila fundi Mkristo afikiri kumpokea mwanafunzi mmoja, amfundishe bila kumpiga. Nne, anayekwenda Bunia asimpite mtoto kama apitavyo jiwe. Amwulize jina lake na kijiji chake, kisha aseme habari zake parokiani anaporudi.

Twajua kwamba wengine watawaibia. Waliibiwa pia huko Valdocco. Twajua kwamba wako kati yenu waliofiwa na watu wao kwa mkono wa vijana kama hao, na hatuwezi kuwaambia kwamba jambo hili ni jepesi. Twawaambia tu kwamba Bwana Wetu, alipofufuka, aliwarudia rafiki zake waliomkimbia usiku ule, akawaamkia kwa amani kabla hawajasema neno.

Maswali ya kurudia somo

Swali: Ni nani waliokuwa hazina za Kanisa machoni pa Mtakatifu Laurenti?
Jibu: Maskini.

Swali: Kazi ya Mtakatifu Yohane Bosco ilianza kwa tendo gani?
Jibu: Kwa kumfundisha kijana mmoja yatima ishara ya msalaba, tarehe 8 Desemba 1841.

Swali: Mapadri Weupe walianzishwa wakati wa taabu gani?
Jibu: Wakati wa njaa ya Algeria, Askofu Mkuu Lavigerie alipowapokea watoto yatima.

Swali: Mwenye Heri Floribert alikuwa nani?
Jibu: Mwamini mlei wa Goma, rafiki wa watoto wa barabarani, aliyekufa shahidi mwaka 2007 kwa kukataa rushwa.

Swali: Mtoto asiye na makao ahitaji nini kupita mkate na paa?
Jibu: Ahitaji watu wa kumwita wao.

Kusudi la juma hili: Kabla ya Jumapili ijayo, kila mmoja amkumbuke kwa jina kijana mmoja wa kijiji chake aliye mjini bila makao, amwombee jioni, na kuwauliza ndugu zake habari zake.

Sala: Ee Bwana Yesu, uliyekosa nafasi Betlehemu na kukimbilia Misri ungali mtoto, utupe moyo wa kuwafungulia mlango wadogo wako. Warudishe waliopotea, na utufanye sisi tuwe tayari kuwapokea. Mwenye Heri Floribert, utuombee. Amina.